Sifa za Ujumbe katika Programu za Foleni, pamoja na Mifano ya Ifakara na Bonde la Kilombero

Neno ujumbe lina maana mbili zilizoachana kidogo. Ya kwanza ni kazi au cheo cha mjumbe. Ya pili ni habari aichukuayo mjumbe kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Katika pwani ya Mrima jumbe lilikuwa pia jina la mtawala wa mji, na wingi wake majumbe; na ujumbe kwa maana ya habari, ukiwekwa katika wingi, huandikwa jumbe, sawasawa na jina la mtawala yule. Mgongano huu haujaleta taabu kubwa, maana majumbe wa Mrima wamekwisha pita. Walakini maana ya pili, yaani habari iliyotumwa, imepata kazi mpya katika kompyuta, na huko unatakiwa uangalifu ambao zamani haukutakiwa. Mjumbe wa kale alikuwa na akili yake. Alijua bila kuambiwa kwamba habari ya msiba haingoji asubuhi, kwamba salamu za kawaida zaweza kungoja, na kwamba jibu alilopewa ni la swali gani. Kompyuta haijui hata moja katika haya ila imeambiwa, na kila inaloambiwa huandikwa nje ya ujumbe wenyewe. Hayo yaliyoandikwa nje ndiyo yaitwayo sifa za ujumbe.

Kwanza yafaa kueleza foleni yenyewe. Katika benki, katika ofisi za serikali na katika hospitali kubwa hufanya kazi programu nyingi zilizotungwa na watu mbalimbali, kwa lugha mbalimbali za kompyuta, kila moja ikiwa na saa zake za kufanya kazi na saa zake za kuharibika. Kama programu moja ingalilazimika kusema na nyingine ana kwa ana, kuzimika kwa moja kungaliifanya ya pili isimame pia. Kwa hiyo huwekwa kati yake programu ya tatu, ambayo kazi yake ni kupokea ujumbe, kuuweka katika foleni, na kuukabidhi kwa mwenyewe atakapokuja kuuchukua. Mfano unaojulikana sana ni programu ya kampuni ya IBM iliyotolewa mwaka 1993 kwa jina la MQSeries, ikaitwa WebSphere MQ tangu 2002, na IBM MQ tangu 2014. Ziko nyingine nyingi, lakini aghalabu sifa zitakazotajwa hapa huonekana katika zote kwa sura moja au nyingine. Neno foleni lenyewe, kama wengi wajuavyo, lina asili ya amri ya kijeshi ya Kiingereza ya kupanga askari mstari. Nalo limeshinda msururu na mlolongo katika jambo hili, pengine kwa sababu katika foleni kila mtu ana zamu yake, na katika msururu si lazima.

Mkaazi wa Ifakara hahitaji kufundishwa foleni ni nini. Kabla ya kufunguliwa daraja la mto Kilombero, mtu aliyetoka Ifakara kwenda Lupiro na Mahenge alivuka kwa pantoni. Magari yalijipanga ng'ambo hii, na mengine ng'ambo ya pili. Dereva hakuhitaji kumjua dereva wa ng'ambo nyingine, wala hakuhitaji kusafiri saa ile ile naye. Alifika, akajipanga, akangoja chombo. Mvua za masika zilipofurisha mto, kungoja kulizidi, lakini foleni ilibaki foleni. Hivi ndivyo programu ya foleni inavyofanya kazi: kila ng'ambo ina msimamizi wake, na kati yake ni njia ambayo pengine iko wazi na pengine imefungwa.

Mfano huu una kikomo chake, nacho yafaa kitajwe mapema. Gari likivuka haliko tena ng'ambo lilikotoka. Ujumbe hauchukuliwi, bali hunakiliwa. Msimamizi wa ng'ambo ya kwanza hushika nakala yake mpaka yule wa pili athibitishe kwamba ameipata, ndipo huifuta. Kama njia ikikatika katikati, ujumbe ulio na sifa ya kuhifadhiwa hautazama mtoni pamoja na chombo.

Katika foleni ya pantoni kila aliyetangulia kufika ndiye aliyetangulia kuvuka, isipokuwa gari la wagonjwa. Hii ndiyo sifa ya kwanza, kipaumbele. Katika IBM MQ kipaumbele huandikwa kwa tarakimu kuanzia 0 mpaka 9, na 9 ndiyo kubwa kuliko zote. Ujumbe wenye 9 hutolewa kabla ya wenye 4, hata kama huu wa pili umekaa foleni tangu jana. Na wenye tarakimu moja hufuata zamu ya kufika. Walakini foleni yenyewe yaweza kuamriwa isitazame kipaumbele kabisa, ikatoa ujumbe kwa zamu tu, na hapo tarakimu 9 haina nguvu yoyote. Jambo hili hudanganya wengi: wao hupandisha kipaumbele cha ujumbe, na hawaulizi kama foleni imekubali kukitii. Neno kipaumbele ni zuri na limezoeleka. Halina haja ya kubadilishwa.

Taabu ya lugha huanza katika sifa mbili zinazofuata. Ya kwanza ni ile inayomwambia msimamizi wa foleni auandike ujumbe katika diski, ili hata mtambo ukizimika na kuwashwa tena ujumbe uwemo. Usioandikwa hivyo hukaa katika kumbukumbu ya muda tu, na umeme ukikatika hutoweka. Ya pili ni muda ambao ujumbe una faida. Muda huo ukiisha kabla haujachukuliwa, programu huutupa. Mfasiri mwenye haraka, akitazama neno la Kiingereza la sifa ya kwanza, huandika ujumbe wa kudumu. Tafsiri hii yaonekana sahihi, na kumbe ina hatari. Kudumu katika Kiswahili ni kukaa siku zote, kutokwisha. Fundi akisoma kwamba ujumbe wake ni wa kudumu, ataamini kwamba hautakwisha, na kumbe ujumbe ule ule waweza kuandikwa katika diski kwa uangalifu wote na hali umepewa uhai wa dakika moja. Sifa hizi mbili hazipingani wala hazitegemeani. Moja yahusu ajali, ya pili yahusu wakati.

Wachuuzi wa samaki wa mto Kilombero wangezitenganisha bila shida. Tenga la kambale wabichi laweza kufungwa imara, likaandikwa katika daftari la mizigo, likalindwa na mtu usiku kucha. Yote haya hayazuii samaki kuoza. Kadhalika gunia la mpunga halina haraka, lakini lisipofunikwa mvua italiharibu. Kwa hiyo sifa ya kwanza ingefaa kuitwa hifadhi, na ujumbe wenye sifa hiyo ujumbe wa kuhifadhiwa. Na ya pili iitwe muda wa uhai, au kwa ufupi uhai. Neno kudumu liachwe kabisa katika mahali hapa.

Muda wa uhai una mtego mwingine, ambao si wa lugha bali wa hesabu. Katika IBM MQ muda huu haupimwi kwa sekunde bali kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Dakika moja ni 600. Siku moja ni 864,000. Juma zima ni 6,048,000. Mtu anayeandika 600 akidhani ametoa dakika kumi ametoa dakika moja, na ujumbe wake utatupwa kabla mpokeaji hajamaliza kuwasha mtambo. Asiyetaka kikomo chochote huandika -1.

Ili faida ya mambo haya ionekane, yafaa kutazama kazi iliyofanyika upande wa pili wa mto. Mwaka 2009 na 2010 wilaya ya Ulanga, ambayo wakati huo ilikuwa pamoja na eneo la Malinyi, ilikuwa mojawapo ya wilaya tatu za Tanzania zilizojaribu mpango ulioitwa SMS for Life. Nyingine zilikuwa Lindi Vijijini na Kigoma Vijijini. Kampuni ya IBM ilikuwa miongoni mwa washiriki, pamoja na Novartis na Vodafone, ingawa haisemwi hapa kwamba ujumbe ule ulipita katika foleni za MQ. Mfano watolewa kwa sababu ya aina ya kazi. Kwa muda wa majuma 21, vituo 129 vya afya viliulizwa kila juma kwa simu ya mkononi: dawa ya mseto ya malaria imebaki kiasi gani katika kila moja ya pakiti zake nne, na kwinini ya sindano imebaki kiasi gani? Jibu lilikuwa ujumbe mfupi wa simu. Katika juma la kwanza vituo 78 katika kila 100 vilikuwa vimekosa dawa moja au zaidi katika hizo. Katika juma la 21 vilikuwa 26. Katika bonde ambalo malaria imekuwa adui wa kila nyumba, na ambalo watafiti wa Ifakara wamekuwa wakihesabu vizazi na vifo vyake kwa utaratibu tangu 1996, tofauti hiyo ni ya uhai wa watu.

Majibu yaliyoandikwa vibaya yalikuwa wastani wa 7.5 katika kila 100, na karibu yote yalisahihishwa na kutumwa tena. Makosa hayo yalikuwa ndani ya ujumbe, katika sehemu iliyoandikwa kwa mkono wa mganga au muuguzi aliyekuwa na wagonjwa mlangoni. Lakini namba ya simu iliyotuma na saa ya kufika haikuandikwa na mkono wake. Mtandao wa simu uliyaweka hayo nje ya ujumbe. Hapa ndipo sifa za ujumbe zilipo na thamani yake kubwa: jambo linaloweza kubandikwa nje na mtambo lisiachwe liandikwe ndani na binadamu mwenye kazi nyingi. Na kama jibu la juma la tatu lingefika juma la tano kwa sababu ya kukosekana mtandao, ni sifa hizo tu, saa ya kutumwa na muda wa uhai, ambazo zingeweza kumwokoa mganga mkuu wa wilaya asipeleke dawa kwa hesabu iliyokwisha chakaa.

Sasa juu ya swali na jibu. Programu yaweza kutuma maswali mia kwa dakika moja, na majibu yakarudi bila mpango, la mwisho likitangulia la kwanza. Jibu lipi ni la swali lipi? IBM MQ hutumia sifa mbili, kila moja ina urefu wa baiti 24: kitambulisho cha ujumbe, ambacho ni chake peke yake, na kitambulisho cha uhusiano, ambacho kwa desturi anayejibu hunakili ndani yake kile cha kwanza kilichokuja na swali. Waandishi wengi hueleza jambo hili kwa maneno marefu. Na kumbe kila karani wa Tanzania analijua. Barua ya serikali ina mstari wa Kumb. Na. juu yake, na husema: unapojibu tafadhali taja. Anayejibu huandika Kumb. Na. yake mwenyewe, na chini yake ile ya barua anayoijibu. Kumbukumbu yetu na kumbukumbu yako: mfasiri atatafuta sana kabla hajapata maneno bora kuliko haya mawili, nayo yako ofisini tayari.

Hali kadhalika karani anajua kwamba si kila barua yataka jibu. IBM MQ ina aina nne za ujumbe za kawaida: taarifa isiyongoja jibu, ombi, jibu, na ripoti. Ombi hubeba jina la foleni ambayo jibu lipelekwe, kwa maana anayeuliza pengine hataki kujibiwa pale pale alipoulizia. Ripoti ni ujumbe unaotolewa na mtambo wenyewe juu ya safari ya ujumbe mwingine, na humo Kiswahili kina utajiri usiotumiwa. Miongoni mwa ripoti ambazo mtumaji aweza kuomba ziko hizi mbili: kwamba ujumbe umewekwa katika foleni ya mwisho, au kwamba mwenyewe ameuchukua. Namna ya kwanza ni kufika, ya pili ni kupokewa. Kifurushi kilichofika posta ya Ifakara hakijapokewa na mtu wa Mngeta, na kila mtu anajua tofauti yake. Lakini katika maelezo mengi ya Kiswahili ya programu maneno haya hutumiwa ovyo, moja mahali pa jingine, hata mtumaji akaona umepokelewa akalala usingizi, na kumbe hakuna aliyeufungua.

Ujumbe usioweza kufikishwa, kwa mfano kwa sababu foleni iliyotajwa haipo au imejaa, huwekwa kando katika foleni ya pekee. Wengine wameiita foleni ya barua mfu. Jina hilo latisha bure. Ujumbe ule haukufa, ila umekosa mwenyewe, na fundi aweza kuutazama, kujua sababu, na kuurudisha njiani. Foleni ya ujumbe uliokwama yatosha.

Sifa inayogusa wataalamu wa lugha kuliko zote ni ile inayosema maandishi ya ndani yameandikwa kwa hesabu ipi ya herufi. Kompyuta haihifadhi herufi bali namba, na namba hizo hazikuwa moja duniani. Katika ASCII herufi A ni 65. Katika EBCDIC, ambayo mitambo mikubwa ya IBM huitumia, ni 193. Sifa hii ikiwa sahihi, programu hugeuza kutoka hesabu moja kwenda nyingine na msomaji haoni kitu. Ikiwa si sahihi, ujumbe hufika mzima na hausomeki. Kiswahili cha herufi za Kilatini kina bahati hapa, kwa kuwa herufi zake zote zimo katika hesabu za kawaida. Ila kuna ng'. Alama yake yaweza kuwa kikoma cha juu kilichosimama wima, kilichomo katika ASCII, au kile kilichopinda, kisichomo. Programu nyingi za kuandikia hupinda kikoma bila kumwuliza mwandishi. Basi jina la Mang'ula, chini ya milima ya Udzungwa, likiandikwa kwa kikoma kilichopinda katika UTF-8 na kusomwa kwa hesabu nyingine ya Windows, hutokea na alama tatu za ajabu katikati yake. Katika ujumbe wa simu hasara yaonekana kwa njia nyingine: kikoma kilichopinda hakimo katika herufi za asili za simu, hivyo simu huhamia hesabu kubwa zaidi, na nafasi 160 za ujumbe mmoja hupungua kuwa 70. Kikoma kimoja hula nafasi tisini.

Saa nayo ina fumbo lake. IBM MQ huandika tarehe na saa ya kutumwa kwa saa ya Greenwich, si ya mahali. Ujumbe uliotumwa Ifakara saa mbili kamili asubuhi huandikwa kwamba ulitumwa saa 05:00. Msomaji wa Kiswahili ana mageuzi mawili ya kufanya, la Greenwich la saa tatu na la hesabu ya Kiswahili la saa sita. Na anayefanya moja akasahau la pili atamlaumu mtu asiye na kosa kwa kuchelewa.

Yote yaliyotajwa mpaka hapa ni sifa zilizowekwa na watungaji wa programu. Tangu toleo la 7 la mwaka 2008, IBM MQ humruhusu mtumiaji kubandika sifa zake mwenyewe, kila moja ikiwa na jina na thamani: wilaya ni Ulanga, dawa ni mseto, pakiti ni ya watoto. Kisha programu inayochukua yaweza kusema haitaki ila ujumbe ambao wilaya yake ni Ulanga. Hapa neno sifa laonyesha kwamba lilichaguliwa vema. Wapo walioliogopa kwa sababu husikika kama kusifu. Lakini katika tangazo la kazi pameandikwa sifa za mwombaji, wala hakuna anayedhani kwamba mwombaji anasifiwa. Sarufi za zamani nazo ziliita vivumishi maneno ya sifa.

Majina ya sifa hizi ndiyo yanayotaka usanifu kuliko istilahi zote zilizotangulia, kwa maana kompyuta hailinganishi maana, hulinganisha herufi. Wilaya na wilaya, moja kwa herufi kubwa na moja kwa ndogo, kwake ni majina mawili. Thamani yenye kikoma, kama Mang'ula, ikitajwa katika sharti la kuchagua lazima kikoma kiandikwe mara mbili, la sivyo programu hudhani jina limekwisha katikati. Na tahajia mbili ambazo kamusi huzivumilia, anwani na anuani, kwa programu ni sifa mbili zisizojuana. Mtunzi wa Dar es Salaam akiita sifa anwani, na mtunzi wa Ifakara akaomba ujumbe kwa anuani, hakuna kosa litakaloonyeshwa, wala hakuna kengele itakayolia. Ujumbe utakaa katika foleni, umehifadhiwa barabara katika diski, na kipaumbele chake ni 9, mpaka uhai wake uishe au mpaka fundi atakapofungua foleni kwa sababu nyingine na kuuona.